Aliyeitwa Mara Tatu

Kitu cha kwanza nilichofunzwa katika kazi ya kuwasaidia wanafunzi wenye mahitaji maalum ni kuziba mdomo. Sisemi kunyamaza, ingawa wapo wenzangu waliokuwa wakiniombea dua ninyamaze. Nasema kuuziba mdomo kwa kitambaa huku unasema. Ninyi vijana mliotoka chuoni juzi, na simu zenu zinazoandika kila neno analotamka mtu, mtacheka, na chekeni. Mimi nimestaafu, niko zangu Mwabungo nafuga kuku, sina mkubwa wa kumwogopa tena.

Aliyenifunza ni marehemu Mwalimu Nzaro, mtu wa Kinango, mrefu, mkavu, mwenye maneno ya kuhesabika. Alikuwa akitembea na kipande cha leso mfukoni, leso ya kike hasa, yenye maua mekundu, na walimu wageni walimtupia macho ya pembeni. Siku yangu ya kwanza katika shule ile ya sekondari upande wa Msambweni aliniita kwenye chumba chetu cha msaada, akaweka leso mdomoni, akaniambia, "Khadija, andika." Akasoma: paka, taka, shaka, saka, kaka, chaka. Nikaandika yote sawasawa, nikajiona msomi.

"Haya, sasa jitie pamba masikioni," akasema, akasoma tena.

Nilipomaliza, karatasi yangu ilikuwa na kaka watupu kuanzia juu hadi chini. Mwalimu Nzaro hakucheka. Aliniambia lugha yetu hii ina huruma na ina hila. Sikio likianza kufa, sauti kama s, sh, f na t ndizo zinazotangulia kwenda, na irabu zinabaki nyuma. Mtoto anasikia a-a, a-a, a-a, na kwa kuwa ana akili zake na anauona mdomo wako, anajaza zilizobaki mwenyewe. Anaweza kujaza miaka na miaka, nanyi mkamwita mzembe, au mkaidi, au mwenye kiburi. Kwa hivyo ziba mdomo kwanza, ndipo useme mtoto huyu asikia au hasikii.

Imla hiyo ya a-a nimeifanya mpaka nimestaafu, nami nawapa bure.

Jingine, nisije nikasahau. Mkiwa na mwanafunzi asiyeona, msisogeze kiti hata shibiri moja bila kumwambia, na mkiingia alipo tajeni majina yenu. Msimfanye akisie. Tulikuwa na binti mmoja asiyeona, Mwaka, aliyekuwa akitujua walimu sote kwa viatu. Asubuhi moja nilimpitia barazani, akaniamkia, "Shikamooni, walimu." Nikamwambia, mwanangu, niko peke yangu. Akainua uso kidogo. "Basi aliyekuwa nyuma yako amesimama," akasema, akarudi kwenye nukta nundu zake. Ni bati na kuta zile ndefu, sauti ya viatu inakwenda na kurudi. Nilimweleza hivyo, naye akaitikia kwa adabu kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Siku hiyo nilitoka kwa mlango wa pili.

Lakini niliyekaa kuwasimulia ni Halima.

Halima alitoka Mkwiro, kule kisiwani Wasini, akalala bweni kwetu tangu Kidato cha Kwanza. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na nyanyake, Bi Mize, na Bi Mize alimlea kwa mila za zamani. Ninyi mliozaliwa Ukunda kwenye taa za hoteli huenda hamkufunzwa haya, kwa hivyo nitasema polepole. Kwetu mtoto hufundishwa asiitike mwito wa kwanza, hasa adhuhuri jua likiwa utosini, au magharibi. Si kila anayekuita ni mtu. Na wasio watu huita mara moja, au mara mbili. Ya tatu hawana pumzi nayo. Ukiitwa mara ya tatu, basi huyo ni binadamu mwenzio, itika "abee" na uende.

Halima alikuwa hivyo. Ukimwita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya, kalamu inakwenda. Mara ya tatu ndipo ageuke, "Abee, mwalimu," na uso umejaa heshima. Tukazoea. Darasa zima likafanya mchezo, wanamwita kwa pamoja, "Halima, Halima, Halima," naye anageuka kwenye ya tatu, wote wanacheka na yeye mwenyewe anacheka.

Aliyekasirika ni Mwalimu Wafula wa fizikia, kijana wa bara, mchapakazi, mwenye sauti ya kuamsha mji. Alinijia akinung'unika. "Madam, huyu msichana ananidharau. Mimi namwita, anakaa tu." Nikamkalisha, nikamweleza mila yetu kwa upole, kama nilivyowaeleza ninyi. Akanitazama. "Hata saa tatu asubuhi? Kwenye darasa imejaa watu?" Nikamwambia mtoto wa kisiwani ni mwangalifu. Akaenda zake akitikisa kichwa. Sisi wenyeji sote tuliijua sababu, na kwa kuwa tuliijua hakuna aliyeitafuta.

Basi akiwa Kidato cha Tatu, muhula wa pili, adhuhuri moja, darasa linanakili kazi ubaoni na hakuna anayenong'ona, Halima alisimama akasema, "Abee."

Hakuna aliyemwita. Wafula alikuwa ameligeuzia darasa mgongo, chaki mkononi. Akauliza nani amekuita, na Halima akawa kama hakuulizwa. Akatoka kati ya madawati, akapita mlangoni, akavuka uwanja.

Wenzake walinijia mbio. Nilimkuta nyuma ya jiko la shule, pale palipo tangi la mawe la zamani, kavu, lililoachwa na waliokuwa na shamba lile kabla ya shule. Alikuwa amesimama amelielekea, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Si kama mtu anayetafuta sauti. Alikuwa kama binti anayepewa maagizo na mkubwa wake. Nilimgusa bega, akashtuka, akanitazama mdomoni.

"Halima, nani amekuita?"

"Simjui, mwalimu. Ni sauti ya mama mtu mzima." Akasita. "Lakini ameita mara tatu."

Wanangu, jua lilikuwa kali la kuchoma mchanga, na mimi nilisimama pale vinyweleo vimenisimama. Niliogopa, sitawaficha. Nilimshika mkono nikamrudisha, na tulipokuwa tukivuka uwanja aligeuka nyuma akasema, "Naja," kwa adabu, halafu akaendelea kutembea nami.

Ikawa mtindo. Kila baada ya siku chache, adhuhuri, "abee," na mtoto huyo kwenye tangi. Wenzake wakaacha kucheka. Wakahamisha madawati, akabaki katikati ya nafasi tupu. Bwenini msichana wa kitanda cha chini akaomba ahamishwe. Halafu Ijumaa moja binti mwingine akapiga kelele kuwa naye ameitwa, akafuata wa pili, wa tatu, na kabla ya adhana darasa zima lilikuwa uwanjani, wengine wameanguka, wengine wanawashika walioanguka. Masomo yakafa siku hiyo. Kufikia jioni wazazi walikuwa langoni, na neno lao lilikuwa moja: aliyekuja na majini arudi nayo kwao.

Sasa eleweni kilichokuwa hatarini. Mwanafunzi akifukuzwa kwa karo, au kwa utovu wa nidhamu, atapata shule nyingine. Binti akirudishwa kwao kwa maneno ya majini, maneno yanamtangulia kila lango atakalobisha. Kutoka hapo hadi Lunga Lunga hakuna ambaye angempokea. Halima alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na hesabu yake ingeishia pale kwenye lango letu.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama mwadilifu aliyebanwa kila upande. Akatuita walimu. Akasema amempa Bi Mize habari aje Jumatatu, na kama hakuna mwenye la maana, mtoto ataondoka na nyanyake.

Naibu wake akashusha pumzi. "Tumemsemesha sana binti yule. Sikio la kufa halisikii dawa."

Wafula akanyoosha mkono. "Mimi sijui mambo ya majini. Ninachojua, nikigonga dawati yake anageuka hapo hapo. Nikimwita, hageuki. Hiyo ni nini?"

Mimi nilikuwa bado kwenye methali ya naibu. Sikio la kufa. Nilikaa nayo kidogo kichwani, halafu nikainuka katikati ya kikao bila kuomba ruhusa, nikaenda kwenye kabati la marehemu Nzaro kutafuta ile leso.

Jumatatu Bi Mize alifika, mwembamba, buibui limekauka chumvi ya bahari, na macho yake hayakutulia kwa mtu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu mwamfukuza?"

"Bado. Kwanza nataka uketi hapa umtazame akiandika."

Akaketi, na mwalimu mkuu akaketi. Halima nikampa karatasi. Nikasimama mbele yake, leso mdomoni, nikasoma kwa sauti yangu ya kila siku. Paka. Taka. Shaka. Saka. Kaka. Chaka. Mtoto aliandika neno la kwanza upesi. La pili akainua macho, akaitafuta midomo yangu, akaona maua mekundu. Alianza kutoka jasho juu ya mdomo. Aliandika kaka, akaandika kaka, akaandika kaka, na mwisho akaiweka kalamu chini akainama.

Nikaiondoa leso, nikasoma maneno yale yale. Akayaandika karibu yote sawa.

Bi Mize hajui kusoma, lakini alikuwa amemtazama mjukuu wake usoni muda wote, na hilo lilimtosha.

"Kumbe mtoto wangu hunisikia kwa macho," akasema.

Nikawaeleza. Ile mara ya tatu tuliyoisifia mila haikuwa mila. Mara ya kwanza hakusikia, mara ya pili hakusikia, na kufikia ya tatu darasa zima lilikuwa limemgeukia, jirani amemgusa kiwiko, naye anaona nyuso zimemwelekea, anajua ameitwa. Labda udogoni alifuata mila kweli. Sikio likawa linakufa taratibu chini ya kivuli cha mila hiyo, na hata mwenyewe hakujua. Aliniambia baadaye alidhani watu wote husikia vile, na kwamba sisi wengine tuna bidii tu.

Mwalimu mkuu alishusha mabega, nikaona mtoto amepona. Lakini Bi Mize hakuwa amemaliza. Aliniinamia, akanishika goti.

"Mwalimu, umesema hasikii mpaka aone mdomo."

"Ndiyo, Bi Mize."

"Basi huyo anayemwita kule nyuma ya jiko. Huyo mdomo wake anauona wapi?"

Nilikuwa na jibu, nalo ni la kweli, likaririni na ninyi: sikio linalopoteza sauti za nje huanza kutoa zake za ndani. Mlio, mvumo, filimbi, wengine nyimbo, wengine watu wanaoongea. Si wazimu, si pepo. Nilimwambia hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Allah ndiye ajuaye," akanipigapiga goti kama kunituliza mimi.

Halima alibaki. Tukampeleka kwenye kituo cha tathmini, daktari akathibitisha masikio yote mawili, akaandikiwa vifaa vya kusikia. Wakati vinangojewa tulifanya kazi, na hapa chukueni kalamu. Nilimkalisha mbele, dirisha likiwa nyuma yake, ili mwanga uangukie uso wa mwalimu na si macho yake. Nilimkataza Wafula kusema huku anaandika ubaoni. Kumwita ni kwa kuinua mkono au kugonga dawati, kwani mbao hupeleka mtikiso, na sakafu ya saruji haipeleki kitu, hata ukipiga miguu mpaka uvunje kisigino. Na wale wenzake walioanguka uwanjani niliwatia pamba masikioni mmoja mmoja nikawapa imla. Waliposoma kaka zao kwa sauti walicheka mpaka wakalia, na jioni hiyo madawati yakarudi mahali pake. Hofu ya wasichana haitoki kwa hotuba, muwe mnajua.

Vifaa vilipokuja nilimvalisha mimi mwenyewe, chumbani kwetu, kabla ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza ni lazima muwe na subira, maana hawapati raha, wanapata kelele. Alijiziba uso. Akauliza ni nini kinakwaruza, nikamwambia ni sketi yako, mwanangu. Akatembea akasikiliza viatu vyake. Aliwasikia kunguru, akasema wana maneno mabaya. Nilipoandika jina lake ubaoni akatoa macho: "Kumbe chaki inalia." Nililia, nacho si kitu cha kuficha. Miaka yote ile ya kazi, na sijapata malipo mengine yaliyofika pale.

Tukakaa. Nje jua lilikuwa utosini, na jikoni walikuwa wameacha kugonganisha masufuria. Niliona kichwa chake kinainama upande, polepole, kama pale kwenye tangi.

"Bado anaita?" nikamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Usijali. Daktari alisema mlio utapungua, lakini hautatoka siku moja."

"Haujapungua, mwalimu. Umekuwa safi." Alikuwa ananitazama machoni sasa, si mdomoni. "Zamani nilikuwa napata a-i-a tu. Nikijua ni mimi, Halima. Ni nani mwingine? Sasa herufi zake zimekuja zote."

"Enhe?"

"Si jina langu. Anasema Khadija."

Wanafunzi wetu hawatuiti kwa majina, mnajua. Kwake nilikuwa Mwalimu, basi. Huenda aliliona mahali, huenda alimsikia mwenzangu akiniita, na kusikia kwenyewe ndiko kulikokuwa kugumu kwake. Nimeyapima yote hayo, nami ni mtu wa kupima. Pale kitini sikupima chochote. Nilimuuliza swali ambalo mzazi yeyote wa kwetu angeuliza.

"Ameita mara ngapi?"

"Mbili. Akavuta pumzi kwa ya tatu, nikamkatiza kimoyomoyo."

"Ukamwambia nini?"

Halima alijirekebisha kitini, akaweka mikono mapajani, ile adabu ya Mkwiro. "Nimemwambia mwalimu hayupo. Amekwenda semina Matuga."

Hiyo ni miaka sasa. Matuga sijakanyaga tangu siku hiyo. Semina zote nilizoandikiwa kule niliumwa tumbo, na wakubwa walinisema wakachoka. Halima alimaliza shule na alama zake nzuri, leo ana cherehani yake Ukunda, anashona sare za wanafunzi, na vifaa vyake havitoi masikioni ila kulala. Mara moja moja, adhuhuri, nikiwa nawamwagia kuku mahindi, simu yangu hutetemeka. Ujumbe huwa ni wake, na hauna maneno mengi. Shikamoo mwalimu. Leo ameuliza tena kama umerudi.

Nami huacha kuku, nikafuta mikono, nikamjibu mbio kabla jua halijapinda. Marahaba mwanangu. Mwambie semina imeongezwa siku.